Mbichi, Si Kijani: Utetezi wa Tanbihi Moja

Makala haya yanatetea tanbihi moja tu, tena fupi. Imo mwishoni mwa tafsiri ya sura niliyoishughulikia kwa muda mrefu, ile sura ya riwaya ya Kireno A Cidade e as Serras, yaani Mji na Milima, ambamo bwana mmoja tajiri aliyezoea maisha ya Paris anakula chakula cha usiku katika nyumba yake ya urithi huko milimani, nyumba isiyo na kitanda wala kiti cha maana, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue tunamwona akila kwa hamu. Mtunzi wake, Eça de Queirós, alifariki mwaka 1900 karibu na Paris, na riwaya ikatoka mwaka uliofuata. Mchapishaji aliyeisoma rasimu yangu aliipenda sura, akaikataa tanbihi. Pale nilipoandika "mvinyo mbichi" yeye alitaka "mvinyo wa kijani". Na pembeni akaongeza kwamba, kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni Waislamu, ingefaa zaidi kuuita "kinywaji cha zabibu" kisha tuyapite mambo hayo upesi.

Nitangulize la kutangulizwa. Mimi sinywi, na mvinyo ninaouzungumzia humu sijauonja. Rafiki yangu mmoja, alipopata habari ya mgogoro huu, alinicheka akanifananisha na yule sungura aliyerukia matunda yasifikike, akaondoka akiyasingizia ubichi. Nimeukubali utani wake, kwa sababu una ukweli asioujua mwenyewe: mizabibu ya nchi inayosimuliwa humu ilizoea kweli kupandishwa juu ya miti, na wavunaji wakaifuata kwa ngazi. Sungura yeyote angerudi mikono mitupu. Lakini ubichi ninaoutetea si kisingizio. Ndiyo maana halisi ya neno.

Nchi yenyewe ni Minho, kaskazini magharibi mwa Ureno, baina ya mto uitwao kwa jina hilohilo na nchi za mto Douro. Ni nchi ya mawe ya matale na mvua nyingi zitokazo bahari ya Atlantiki. Mashamba yake ni madogo, na mkulima aliihitaji ardhi kwa mahindi, kwa hiyo mzabibu ukapewa kingo za shamba na kuachwa ukwee mti au uchanja mrefu, mahindi na mboga zikiota chini yake. Mwaka 1908 serikali ya Ureno iliiwekea mipaka nchi hiyo kwa sheria, na mvinyo wake ukatambulika rasmi kwa jina uliloitwa tangu zamani: vinho verde. Nyumba ya Tormes, anapofikia bwana wetu Jacinto, mtunzi aliichora kwa kuifuata nyumba ya kweli iliyokuwa mali ya ukoo wa mkewe huko Baião, na Baião imo ndani ya mipaka hiyo.

Sasa neno. Verde kwa Kireno ni rangi ya majani, hilo halina ubishi. Wako Wareno wanaosema mvinyo uliitwa hivyo kwa sababu ya ukijani wa nchi, na wako wanaosema ni kwa sababu unanywewa ungali mchanga, miezi michache tu baada ya zabibu kuvunwa, ukiwa bado na ukali wake. Mimi nawafuata hawa wa pili, na ushahidi wangu ni neno linalosimama upande wa pili wa mizani. Mreno akitaka kuutofautisha mvinyo wa Minho na mivinyo mingine ya nchi yake haiiti ile mingine myeupe, wala myekundu, wala ya samawati. Huiita vinho maduro, mvinyo mbivu. Mbivu na mbichi! Mswahili gani atahitaji kufasiriwa zaidi ya hapo? Tena lugha yetu imetupa neno linalolingana na la Kireno, maana -bichi ni la embe lisiloiva, ni la samaki asiyepikwa, ni la kuni zisizokauka, na ni la rangi pia, kwani twasema kijani kibichi. Wale wa ukijani wa nchi nao wamo humohumo. Anayeandika "mvinyo wa kijani" amechukua pembe moja ya neno akaacha ng'ombe mzima, na msomaji ataubeba mvinyo huo akilini kama maji ya mwani.

Ipo hoja dhidi yangu, nayo haifai kufichwa. Neno mbichi laweza kumfanya mtu adhani kwamba zabibu zilichumwa kabla ya wakati, au kwamba kinywaji hakijachacha. Sivyo. Zabibu huiva na kinywaji huchacha. Kinachobaki kibichi ni umri. Na hata umri si sheria kwa wote, kwani zabibu ya Alvarinho, ya pande za Monção na Melgaço kwenye mpaka wa Hispania, hutoa mvinyo mweupe wenye nguvu kuliko wenziwe ambao huweza kuwekwa miaka kadhaa na ukazidi kupendeza. Mbichi aliyezeeka, basi. Lugha zote zina majina ya namna hiyo, na sioni haya kuwa na moja zaidi.

Neno mvinyo nalo lina yake. Lilitujia kutoka kwa Wareno haohao, kutoka vinho, katika jahazi moja na meza, bendera, leso na kasha. Lakini limekaa kwetu karne nyingi likabadilika tabia. Mvinyo katika masikio ya watu wa pwani ni kitu kikali, cha kuunguza koo, na katika vinywa vya wengi humaanisha pombe yoyote ya dukani. Vinho verde ni kinyume chake: aghalabu kileo chake ni kati ya asilimia 8.5 na 11.5, ni chepesi, kina vijipovu vidogo vinavyochoma ulimi kidogo tu. Zamani vijipovu hivyo vilitokana na mchachuko wa pili uliojifanyikia chupani. Leo watengenezaji wengi hutia gesi wenyewe. Nilifikiria kutumia divai, neno lililozoeleka katika Biblia ya Kiswahili, ambalo ni pole zaidi sikioni. Nikaliacha. Nilitaka neno la Kireno lililoondoka Ureno lirudi Ureno kwa njia ya tafsiri yangu, hata kama limerudi na lafudhi ya Unguja.

Tuingie mezani. Jacinto ameishi Paris, nambari 202 ya barabara ya Champs-Élysées, amezungukwa na kila chombo ambacho karne ya 19 ilikibuni. Humo ndani kuna karamu isiyosahaulika: samaki wa heshima aliyeletwa kutoka Dalmatia ananasa katika lifti ya kupandishia chakula, na mabwana wakubwa, akiwamo mtu wa ukoo wa kifalme, wanainama juu ya shimo kumvua kwa kamba. Hakupatikana. Sura nyingi baadaye Jacinto anakwenda Tormes na msimulizi wetu, rafiki yake Zé Fernandes. Mizigo yao imepotelea njiani, msimamizi wa nyumba hakuwa na habari ya ujio wao, na wanapanda mlima juu ya farasi na punda wa kuazima. Njaa ndiyo inayoandika sehemu iliyobaki.

Vinaletwa vyakula kwa mpango wake. Kwanza supu ya kuku, yenye maini na firigisi. Jacinto anaionja kwa hofu, kisha anainua macho, kisha anaimaliza. Halafu wali na baghala, zile kunde kubwa ambazo kule Paris alikuwa akizichukia. Halafu kuku aliyechomwa kwenye kijiti, mwenye rangi ya dhahabu, na saladi iliyotiwa mafuta ya zeituni ya mlimani. Na katikati ya vyakula hivi mvinyo wa Tormes unamiminwa kutoka juu, kutoka mtungi wa kijani wenye tumbo kubwa. Huo mtungi ndio wenye rangi ya kijani katika ukurasa ule. Mvinyo hauitwi rangi hiyo hata mara moja. Hapo Zé Fernandes anausifu kwamba una roho, na kwamba unaingia rohoni, kuliko mashairi mengi na vitabu vingi vya dini. Jacinto naye anamkumbuka Virgilio, aliyeuliza katika utenzi wake wa kilimo ni kwa wimbo gani auimbe mvinyo wa Raetia.

Hapa ndipo mchapishaji alipotokwa jasho, na sikumlaumu, kwa sababu nami lilinitoka. Lakini jawabu halimo katika kufuta. Limo katika kuchagua neno. Wino wangu wa kwanza uliandika "msahafu", kwa kuwa lilinijia likiwa na mdundo mzuri, na usiku huohuo nikalikata. Msahafu kwa watu wetu ni Kurani na si kingine, na Zé Fernandes hakuwahi kuiwazia. Yeye ni Mkatoliki wa mashambani, mlafi mwenye furaha, anayeyasema hayo kinywa kikiwa kimejaa kuku. Nikaandika "kitabu cha dini". Chuku imebaki na kila neno limerudi kwa mwenyewe. Anayesoma maneno hayo kama itikadi ya Eça hajaisoma sauti. Ni mtu mwenye njaa anayemsifu mpishi. Na kama tungeiweka "kinywaji cha zabibu" pale, msomaji angejiuliza kwa nini sharubati imefanyiwa kelele kubwa kiasi hicho.

Wala hatukuanza sisi. Mwaka 1952 Shaaban Robert, Mwislamu wa Tanga, alitoa Omar Khayyam kwa Kiswahili, na Khayyam bila kileo ni msikiti bila mihrabu, mnisamehe mfano. Hakuna aliyemtoa katika jamaa ya waumini kwa kazi ile. Mfasiri si mgeni aliyealikwa anywe. Ni mtumishi aliyepewa mtungi aufikishe bila kumwaga.

Lakini kuna kosa jingine, dogo, ambalo wapenzi wa Eça wenyewe wamelizoea, nalo ndilo lililonifanya niipanue tanbihi. Nyumba ile ya Baião leo imo mikononi mwa wakfu wenye jina la mtunzi. Wageni huijia kutoka mbali, katika mkahawa wake huandaliwa mlo wa Jacinto, baghala na kuku, na mvinyo uliouzwa kwa jina la Tormes ni mweupe, wa zabibu za pande hizo, maarufu miongoni mwazo ikiwa ni ile iitwayo Avesso. Watu hunywa wakiamini wanakunywa ukurasa. Basi wasome tena. Katika mwanga wa mshumaa wa shahamu Jacinto anaitazama bilauri yake nene, na povu jepesi linaloizunguka ukingoni lina rangi ya waridi. Povu la waridi halitoki kwenye mvinyo mweupe. Kilichomiminwa usiku ule kilikuwa chekundu.

Na kwa historia ndivyo ilivyopasa kuwa. Zamani mvinyo mwingi wa Minho ulikuwa mwekundu, na hali iliendelea hivyo mpaka ndani sana ya karne ya 20; mweupe ndio uliokuja kuupiku na leo umeuacha mbali. Mwekundu ule wa zabibu ya Vinhão, mzito wa rangi hata hutia doa bakuli jeupe unamonywewa kwa desturi, una ugwadu na una ukakasi pia, ule ukakasi wa bibo au ndizi mbichi unaoufunga mdomo. Mweupe una ugwadu bila ukakasi. Maneno haya mawili tunayo, ya siku nyingi, na yanatosha kumweleza mtu wa Pemba tofauti ambayo vitabu vya mivinyo huitumia kurasa. Mwekundu hupewa vyakula vizito vya mlimani, na huko mtoni hupewa mkunga wa Minho, yule samaki asiye na taya, anayesubiriwa kila mwanzo wa mwaka. Mweupe ni wa pwani. Ni wa dagaa wakubwa wanaochomwa juu ya makaa hadi mafuta yao yakadondoka motoni, wa kaa, wa pweza, na wa bacalhau, chewa wa bahari za kaskazini aliyetiwa chumvi na kukaushwa, ambaye mtu yeyote aliyekulia na ng'onda atamtambua kwa harufu kabla ya kuambiwa jina.

Kwa nini vinapatana? Hapa sihitaji kuonja. Samaki wa kukaanga asiye na ndimu humwelemea mlaji kwenye tonge la tatu. Mishkaki bila ukwaju ni nusu ya mishkaki. Uchachu hukata mafuta, husafisha ulimi, hurudisha hamu. Minho haina ndimu nyingi mezani kwa sababu ndimu yake imo ndani ya bilauri. Na chakula chenye sukari nyingi huuharibu mvinyo wa namna hii, huufanya uonekane mkali na mtupu, kama vile embe bichi lionjwalo baada ya halua. Mweupe wa zabibu ya Loureiro, ya bonde la mto Lima, una harufu ya jani la mti wa loureiro lililoupa jina, jani linalotiwa katika supu na mchuzi. Kwa hiyo harufu ya chunguni na ya bilauri hukutana njiani.

Chakula kimoja nakitaja mwisho ingawa ndicho kilichokuwa cha kwanza moyoni mwangu. Ni kombe wa baharini wanaopikwa kwa mafuta ya zeituni, vitunguu saumu, majani mengi ya kotmiri na ndimu, na pengine kidogo cha mvinyo mweupe hutiwa chunguni. Wanapofunguka tu wameiva. Mweupe mbichi ni mwenzi wao wa kila siku, na mama zetu wanaookota kombe maji yakipwa wangekipika chakula hicho bila kufundishwa, wakiacha wanachoacha. Kinaitwa Amêijoas à Bulhão Pato. Na huyu Bulhão Pato, aliyefariki mwaka 1912, alikuwa mshairi! Alikuwa mshairi wa mapenzi na huzuni, mpenda uwindaji na vyakula, mwenye sifa kubwa enzi zake. Eça alipotoa Os Maias mwaka 1888 alimweka ndani yake mshairi mmoja wa mtindo wa zamani, Tomás de Alencar, mwenye sauti ya kaburini, asomaye beti huku masharubu yakimcheza, anayejivunia pia pishi lake la bacalhau. Bulhão Pato akajiona katika kioo hicho, akakasirika, akamjibu kwa beti za kumkejeli. Eça alikana. Mimi nimeusoma ugomvi huo mara nyingi nikimhurumia mshairi, maana beti zake leo hazisomwi na wengi hata kwao, na ilhali hakuna jioni Lisbon ambapo jina lake halitamkwi na mtu aliyeshika kipande cha mkate akingoja kuchovya.

Sijui kama mshairi angelipenda hilo. Sisi tulio katika kazi hii tungelipenda? Zé Fernandes alipouweka mvinyo juu ya mashairi mengi, ninashuku Eça alikuwa na mashairi mahususi akilini.

Riwaya yenyewe ina dosari ambayo mlo huu mtamu huificha, nayo ni kwamba usiku ule hatumwoni aliyeupanda mti kuvuna zabibu. Jacinto humwona baadaye, anapoingia katika kibanda cha mmoja wa wapangaji wake akakuta ugonjwa na njaa chini ya miti ileile aliyoisifu, akashtuka kwamba Tormes ina masikini. Anajenga nyumba, anatoa dawa, na mtunzi anaridhika upesi mno kwa maoni yangu. Lakini alau alimrudisha msomaji chini ya mti. Msomaji anayekumbuka sababu ya mzabibu kukwezwa juu, yaani ufinyu wa shamba na haja ya mahindi, ataukuta umasikini huo umeshaandikwa katika bilauri tangu ile sura ya njaa.

Tanbihi imebaki, na mchapishaji ameikubali baada ya barua tatu. Inasema hivi: "Mvinyo wa Tormes: ni wa jamii ya vinho verde, mvinyo mbichi wa Minho, uitwao hivyo kwa kunywewa ungali mchanga, kinyume cha mvinyo mbivu wa sehemu nyingine za Ureno. Hapa ni mwekundu, kama povu linavyoonyesha. Mweupe, unaojulikana zaidi leo, huliwa na samaki na kombe." Alibakisha swali moja, kuhusu caldo verde, ile supu ya sukumawiki iliyokatwa nyembamba kama nyuzi, inayotajwa katika tanbihi nyingine. Je, nayo niiite supu mbichi? La. Ile imepikwa, na majani yake ni ya kijani. Hapo neno lake linafaa, nikamwachia.